Usiamini Kioo Mlimani

Mzee Egidius alikuwa mtu wa kushuku hata salamu. Umwulize ameamkaje, kwanza akutazame mikono, aone umekuja kuomba nini. Ugonjwa huo aliupata ujanani huko Tanzania, alipokuwa fayaman, mtu wa kutunza moto na maji kwenye garimoshi la mvuke. Garimoshi likipanda mlima, maji hukimbilia nyuma ya boila, na kioo cha kupimia huonyesha tele wakati ndani yamebaki kidogo tu. Fayaman mjinga huamini kioo. Mwenye akili hufungua koki ndogo iliyo pembeni, ajionee kama kinachotoka ni maji au ni mvuke mtupu.

Kwa hiyo Swabra, mjukuu wa Uthmani, alipofika kutoka Muyinga hadi Buraza, nyumbani kwa mzee huyo huko Burundi, hakukaribishwa ndani. Alikalishwa kwenye benchi uani.

"Babu iko naenda Makka," binti alisema. "Donc anatafuta watu ya zamani, wapeane radhi mbele ya safari. Anasema na we ukuje."

Uthmani ndiye aliyekuwa dereva wa garimoshi la Egidius. Walipanda mlima pamoja miaka mingi kwenye injini moja, wakala sahani moja, wali wa Amisa, mke wa Uthmani. Kisha zikaja injini za dizeli, ambazo hazina moto wa kuchochea wala maji ya kuchunga. Msimamizi wa karakana, mtu mmoja aitwaye Audax, akamwita Egidius ofisini. Alimwambia kila injini ya mvuke itatoa mtu mmoja tu wa kujifunza dizeli, kwamba Uthmani ameshakubali kwenda, na kwamba ni Uthmani huyohuyo aliyesema fayaman wake si wa kutegemewa. Kikulacho ki nguoni mwako. Egidius alifunga mizigo siku hiyohiyo, akaenda kushika jembe bila kumuaga mtu.

Miaka ikapita, wote wawili wakarudi Burundi. Habari za kifo cha Amisa zilimkuta Egidius sokoni Giheta. Alinunua chumvi yake, akarudi nyumbani.

"Amekiri," alimwambia mkewe Anisia, Swabra alipokwisha kuondoka. "Asiyekosa haombi radhi."

"Au amezeeka tu, Baba Crispin. Nenda kamsikilize."

"Kuna kitu anakitaka kwangu."

"Una nini wewe cha kutakwa?" Anisia akauliza, akaendelea kuchambua maharage.

Alikwenda. Njia nzima, Gitega hadi Karuzi, Karuzi hadi Muyinga, alikuwa akipanga maneno. Angemwacha Uthmani aombe mpaka achoke, ndipo amjibu. Hata hivyo moyo ulimdunda kwa hofu, kwa sababu hakuwahi kupata rafiki mwingine kama yule, na alilijua hilo.

Uthmani alimpokea barazani, nyuma ya cherehani, miwani minene usoni na futi ya kupimia nguo shingoni. Egidius aliitazama cherehani kwa shaka. Dereva mkubwa wa dizeli na sindano, wapi na wapi? Chai ikaletwa. Egidius akainywa, akingoja aombwe.

"Egidius, ndugu yangu," Uthmani alisema. "Mi nimekuita nikusamehe."

Egidius akaweka kikombe chini. "Unisamehe mimi?"

"Kabisa. We ulichukua dizeli, mi nikarudi huku kushona makanzu. Bon, imepita. Sitaki kwenda Makka na kinyongo."

"Dizeli niliichukua mimi? Mimi nimelima mihogo tangu siku ile. Aliyechukua dizeli ni wewe."

"Nani alikuambia?"

"Audax. Ofisini kwake, mlango umefungwa."

Uthmani alivua miwani polepole. "Na mi aliniambia ni Audax. Mlango ulikuwa umefungwa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Audax aliwapa wote uongo mmoja kwa zamu, wasije wakamwendea pamoja na kumuuliza nafasi ile amempa nani. Na wao, ambao mlimani hawakuamini kioo hata siku moja, walimwamini yeye. Nyumba zao kule kazini zilitenganishwa na ua wa miti tu, na hakuna aliyevuka kwenda kufungua koki.

"Amisa alikataa kuamini," Uthmani alisema. "Alisema, Egidius amekula kwangu, hawezi. Mi nikamkataza kutaja jina yako hapa nyumbani. Mpaka amekufa, hakulitaja tena."

Egidius alikumbuka ile chumvi ya Giheta. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na maneno yote aliyoyapanga njiani hakuona hata moja la kumfaa.

"Nilisikia msiba," alisema. "Nilisikia, Uthmani, na sikuja. Nipe radhi."

Uthmani akainuka, akachukua fimbo yake iliyoegemea ukutani.

"Ya dizeli nakupa," alisema. "Hiyo ingine, ya msiba, haiko yangu. Ni ya Amisa. Tuende, makaburi iko karibu."