Tairi la Kashata, Tairi Laini

…laini, bila shaka laini, kwenye rola, yale mabomba ya kuzungushia baiskeli ndani bila kwenda popote, tairi la kashata lenye vinundu litanguruma kama mashine ya kusaga na mama hatasikia hata redio yake, nimeshapiga hesabu, meno arobaini na mawili ya gia mbele, kumi na saba nyuma, mita tano na kidogo kwa kila mzunguko wa pedeli, kwa sababu rola zangu fundi Clemensi amezichomelea kwa bomba la maji la inchi nne, nyembamba, zitakuwa nzito, nikiweka hamsini na mawili nitaliumiza tena goti, hili la kushoto… "Dada, lipi sasa?" anauliza Clemensi, tairi moja kila mkono, na Damiano wa bodaboda, anayengoja kuzibiwa pancha, anacheka, "Mbio za stoo hizo! Mto wa Mbu utafika lini?" upana wa rola sentimita arobaini, au thelathini na nane? nipime tena, zitakaa stoo kati ya mahindi na maharage, mama ameyasogeza magunia mwenyewe, na mgongo wake ule, akasema, "Huku hakuna gari, mwanangu," akatabasamu, mara ya kwanza tangu Agosti, tangu mteremko wa Rhotia, lile gari la watalii, kioo chake cha pembeni kwenye kiwiko changu, kokoto, anga, kokoto… vumbi, kocha nimemwambia kinachonifungia ndani ni vumbi, likitulia narudi barabarani, mchujo wa Arusha bado wiki tatu, vumbi tu kocha… lakini juzi mvua ilinyesha, vumbi lenyewe halipo, ndala za fundi zina tope jekundu mpaka kwenye kanda, nalitazama lile tope… "Laini litakufaa sana ndani," anasema Clemensi, "ila ile njia yenu ya makorongo mpaka lami, usijaribu, utaanguka hapohapo getini," nami nilijua, nilijua kabla hajasema, ndiyo maana nililichagua, ili nisiweze kutoka, Mungu wangu, inchi zote zile, meno yote yale, na breki sikuipigia hesabu hata moja, kwenye rola hakuna mteremko… la kashata basi, lingurume, mama apandishe redio, alalamike, azoee, halafu asubuhi moja stoo iwe kimya, na kwa kimya hicho ajue nimetoka… "Dada?" mikono inamchoka, matairi yote mawili yananing'inia, Damiano bado anacheka, namtazama fundi mkono wa kulia, wenye kashata…