Makuti Juu ya Kaburi la Mastura

Habari ilipofika Ushongo kwamba ardhi ya kijiji itapimwa kwa droni, kila mtu apate hati yake, watu walifurahi. Uweso alitema mate.

"Barabara tumeiomba mpaka ndevu zimeota mvi, haijaonekana. Leo wanatuletea ndege!"

Barabara ipi, hapakuwa na haja ya kueleza. Kila mtu alijua jinsi gari lililombeba mkewe, Mastura, lilivyonasa kwenye tope masika ile, mgonjwa akakata roho kabla hawajaiona hospitali. Uweso alimzika nyuma ya nyumba, ukingoni mwa shamba lake. Tangu hapo akaisusa serikali yote, kuanzia balozi wa nyumba kumi kwenda juu.

Mpima ardhi alikuwa binti wa Mabawa, mjini Tanga, jina lake Imakulata. Alipita nyumba kwa nyumba akiamkia watu.

"Shikamoo babu. Tunaomba umwage chokaa kwenye mpaka wako, ndege iuone kutoka juu."

"Marahaba. Chokaa sina."

"Ninayo mimi," akadakia Bi Fakhria, jirani mwenye shamba la minazi, aliyekuwa shoga wa marehemu. "Njoo uchukue, shemeji."

"Kaipake nyumba yako, Bi Fakhria. Imepauka kuliko mwenyewe."

Fakhria alicheka mpaka mtandio ukamteleza.

Lakini moyoni Uweso alikuwa na hofu isiyochekesha. Wakubwa wakiliona kaburi, alijiambia, watasema hapa si makaburini, lihamishwe. Basi alfajiri ya siku ya kurusha ndege akakokota makuti makavu, akalifunika kaburi gubigubi. Ndege ikapita ikilia kama nyuki, ikaenda ikarudi, ikaenda ikarudi, kama mtu apigaye matuta. Uweso kakaa kibarazani na chai yake ya rangi, roho imemtulia. Leo kawaweza.

Wiki iliyofuata picha ikatundikwa kwenye baraza la ofisi ya kijiji, pana kama jamvi, ili kila mtu akague mpaka wake. Ikawa kama sikukuu.

"Tazameni, mbuzi wa Sadalla huyo, kwenye mihogo yangu!"

"Si wangu! Mbuzi wote wakitazamwa kwa juu wanafanana!"

Uweso akapenya katikati ya watu, akaliona bati lake lenye kutu. Akaufuata kwa kidole mstari mwekundu wa mpaka. Kidole kikasimama. Mstari ulikuwa umepita kati ya nyumba yake na makuti. Mastura amebaki kwenye shamba la Fakhria.

"Nilijua!" akafoka. "Walininyima barabara nikampoteza mke, leo wananinyang'anya na kaburi lake!"

Imakulata akasogea. "Kaburi lipi, babu? Hapa mimi naona lundo la makuti. Mpaka hauna chokaa, na mwenye kuuza makuti ni Bi Fakhria, shamba lake limejaa malundo. Nikajua na hili ni lake."

"Yangu nayapanga karibu na njia, wateja wayaone," alisema Fakhria. "Huko nyuma nimuuzie nani? Shemeji, nani kamfunika shoga yangu makuti?"

Uweso akafungua mdomo awataje wakubwa. Safari hii hakumpata mkubwa wa kumtaja.

"Mimi," akasema.

Imakulata hakucheka. Aliinama tena pichani. "Na hii njia nyeupe, inatoka mlango wako wa jikoni mpaka kwenye makuti, imenyooka hivi? Upande wa Bi Fakhria sioni njia."

"Naifagia kila Ijumaa. Nikienda kumsomea Yasini."

"Basi mpaka tutaurekebisha, babu. Ila majirani wote wawili mkubaliane palepale shambani."

Kumbe Fakhria keshakwenda kuchota chokaa. Makuti yakaondolewa, mawe mawili ya kaburi yakaonekana, la kichwani na la miguuni. Fakhria akamwaga chokaa mwenyewe, Uweso kamshikia ndoo.

"Nyoosha ndoo, shemeji! Sogea kwangu. Sogea tena."

"Hapa si kwako tayari?"

"Sogea, nimekwambia. Shoga yangu alikuwa hapendi kubanwa."

Droni ikapaa. "Babu, ondoka hapo," Imakulata akaita, "utaonekana kwenye picha!"

"Acha nionekane."

Picha mpya ilipoletwa, mstari ulikuwa mahali pake, na ndani ya mstari, karibu na jiwe la kichwani, kidoa cheupe: kofia ya Uweso. Aliitazama mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kuguna. Ilibaki kidogo atabasamu, akajizuia.

"Binti, hicho kidude chako kinafika juu sana?"

"Kinafika, babu."

"Basi siku nyingine kikiwa hukohuko, kiambie kitupe macho vizuri. Huenda kikaiona barabara yetu."

Fakhria ndiye aliyeanza kucheka. Uweso akamfuata.