Ndege Aliyeonwa na Mama Mkwe

Tangu ninunue darubini ya mtumba, nyumbani hapakaliki. Wateja wanaokuja kwenye cherehani yangu kupimwa suruali huondoka wameshiba habari za ndege, na suruali haijapimwa. Mke wangu akaniita Profesa. Mimi, badala ya kuona haya, nikavimba kichwa.

Basi mama mkwe alipokuja kututembelea, nikaona nimepata pa kujitafutia heshima, maana kwangu hakuwa na neno zaidi ya "hujambo" na "nipe chumvi." Nikawachukua yeye na binti yake hadi msituni, tukamtafute ndege mwenye mgongo wa kijani na kifua chekundu kama pilipili iliyoiva.

Tulipofika kwenye mti mmoja mkubwa, nikaupa mgongo, nikawakabili wanafunzi wangu.

"Ndege huyu mjanja," nikaanza. "Hukaa kimya, akawageuzia watu mgongo, kijani chake kikapotelea kwenye majani. Chakula chake viwavi na panzi. Kumtambua kunataka jicho lililozoea."

"Baba," mama mkwe akaninong'oneza, macho yake juu ya kichwa changu.

"Subiri, Mama, nakuja hapo hapo."

"Baba Watoto, hebu geuka," mke wangu akasema.

"Maswali mwishoni!"

Nikawaona wote wawili wameduwaa, midomo wazi. Nikajisemea, leo nimewakuna kwelikweli. Nikapandisha sauti. Mara kitu kikapita karibu na sikio langu, frrr! Kugeuka, nikakuta tawi linatikisika, tupu.

"Kaondoka na kiwavi mdomoni," mke wangu akasema, huku akijiziba mdomo asicheke.

Nikainua darubini mbio mbio nimfuate. Giza totoro: sikuwa nimetoa vifuniko. Hapo mama mkwe akaangua kicheko mpaka akatafuta gogo la kukalia.

Nikanywea. Baadaye, kwa sauti ya chini, nikamuuliza, "Mama, alikuwaje?"

Akanisimulia njia nzima: ndege alivyogeuza kichwa polepole, kile kifua chekundu kilivyowaka, mkia ulivyokuwa mweupe kwa chini. Hakuwa amewahi kunisemesha hivyo tangu nioe. Kila nilipotaka kuchomekea utaalamu wangu, alinikata.

"Nyamaza, baba. Wewe hukumwona."

Nikanyamaza. Na kusema kweli, nilifurahi.