Mananasi ya Jirani

Fadhil, bwana shamba wa Chundwa, alikuwa amejitia kitanzi mwenyewe, na hilo alilikumbuka kila asubuhi alipopita kisimani akamkuta mamake anateka maji. Mwaka ule wa 1954 serikali ilitaka matuta ya kuzuia mmomonyoko. Naye kijana wa watu, kwa pupa ya kumwonyesha mkubwa wake kazi, akaanza kuchimba kabla wenye mashamba wote hawajakubali. Tuta lilikuwa limeshakata mashamba mawili ya Bwana Mselem, moja kulia na moja kushoto. Katikati palibaki hatua themanini tupu, shamba la Bi Alawiya wa Lamu mjini. Mvua ikinyesha sasa, maji ya mteremko mzima yangekusanyika na kupita kwenye pengo lile, yakashuka na tope lake hadi kwenye kisima pekee cha maji matamu. Zamani kisima kilikuwa kikichafuka tu. Sasa kingezikwa, na mzikaji ni yeye.

Masika yalikuwa yamebakiza wiki tatu. Akapanda mashua kwenda Lamu.

Bi Alawiya hakutoka. Alizungumza naye kutoka nyuma ya pazia, Fadhil akiwa ameketishwa dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, na kikombe cha kahawa. Akaeleza kila kitu, tena kwa ufasaha aliojivunia mwenyewe. Tuta lifuate kipimo cha pima maji, juu yake yapandwe mananasi, mizizi ishike udongo. Bwana Mselem na watu wake wangechimba na kupanda, bibi asisumbuke hata kidogo.

"Mselem?" sauti ikauliza. "Fadhil mwanangu, babake Mselem alimpandia babangu minazi mitano, kwa wema tu. Babangu alipokufa, minazi ikawa yake, na nti iliyo tini ya minazi ikaifuata. Leo waniambia Mselem akanipandie mananasi?"

Fadhil akatamani ardhi impasukie. Yeye mzaliwa wa Chundwa alijua tangu utotoni kwamba kwao apandaye mahindi hupanda chakula, lakini apandaye kitu cha kukaa miaka hupanda madai ya ardhi iliyo chini yake. Miezi sita ya mafunzo huko bara ilikuwa imemfutia hilo kichwani.

"Basi tuchimbe tuta tupu, Bi. Bila mananasi."

"Litasimama?"

Angeweza kudanganya, na ulimi ulimwasha kweli. "Halitasimama. Udongo ule ni mtanga mtupu, hauna mizizi ya kuushika."

Pazia likatikisika kidogo. "Nipeleka nikaone. Tangu niolewe siyaiona nti yangu."

Ilikuwa miaka ishirini na miwili. Bi Alawiya alikumbuka shamba tambarare alilokuwa akikimbia ndani yake. Alichokikuta katikati walipofika Chundwa ni korongo la kumfika mabegani. Akashuka humo na buibui lake, akaushika ukuta wa udongo kwa viganja viwili, akalia wazi bila kujificha. Bwana Mselem, mtu mzima wa ndevu zake, alisimama ukingoni akitazama vidole vya miguu.

Bibi akapangusa uso. "Mselem, kapande kwangu."

Fadhil akashtuka. "Lakini Bi, si ulisema..."

"Ngoja kwanza. Nami nipande kwake. Mche kwa mche, sawasawa. Siku atakayodai nti iliyo tini ya mananasi yake, nami nadai iliyo tini ya yangu."

Mselem akakuna ndevu, akapiga hesabu yake kimoyomoyo kutoka huku na kutoka huku, asione pa kupenya. Akaangua kicheko. "Wallahi umenifunga, Bi. Haya, lete jembe."

Baada ya siku kumi na mbili tuta likakamilika, na miche ikapandwa kama walivyopatana. Bi Alawiya alifikia kwa shangazi yake na kukataa kata kata kurudi mjini kabla ya kuona mvua. Mvua nayo haikumchelewesha. Ilianguka baada ya adhuhuri, nzito, ya kuziba macho, na mananasi yalikuwa bado hayajatoa hata mzizi. Fadhil alikimbia huku akiomba dua, akijua anakwenda kuona aibu yake.

Akamkuta Mselem magoti ndani ya maji, anashindilia udongo kwenye shamba la Bi Alawiya.

"Bwana Mselem! Kwako kwabomoka!"

"Niwata!" Mselem akamsukuma kando kwa kiwiko. "Mananasi yangu yako huku!"

Fadhil akageukia shamba la Mselem. Bi Alawiya alikuwa huko, buibui limefungwa kiunoni, anamimina makarai ya mchanga penye ufa, na wanawake watatu wa mtaa wanamfuata kwa amri zake.

"Bwana shamba!" akamfokea. "Wasimama watazama nini? Tukua jembe!"

Akalichukua. Walipambana hadi mvua ilipokatika karibu na alasiri, na maji yakabaki yametuama nyuma ya tuta, marefu na matulivu, yakinywewa na ardhi polepole. Fadhil aliketi kwenye tope akicheka kama mwendawazimu kwa furaha. Nyuma yake Mselem na Bi Alawiya walikuwa wameshaanza kugombana. Miche minne ilikuwa imesombwa, miwili huku na miwili kule, na kila mmoja alikuwa anamlaumu mwenzake kwa kutoitunza miche ya jirani iliyo shambani mwake.