Shahrad Asife Leo

Samovari, lile birika kubwa la chai, inachemka na ulimi unaniwasha, kwa hiyo sogeeni. Anayetaka ukweli mtupu akauombe kwa kadhi.

Enzi zake, Murshidi Nouruzali, msimulizi wetu, akisimulia kisa cha shujaa Shahrad mkahawani kwa Mashdi Safar, sauti yake ilipasua glasi za chai. Punda wa soko la Kashan walisimama na mizigo yao kusikiliza, na mmoja alilia kabisa. Machozi nilimfuta mimi. Msimu wa baridi uliopita maradhi ya koo yakamnyang'anya sauti ile yote, akabakiwa na mnong'ono. Mwanafunzi hana. Kisa chenyewe hakijaandikwa popote. Kimo kichwani mwake tu, na kichwa kimezeeka.

"Fundi Karam," aliniambia siku moja, nami nimetega sikio karibu na ndevu zake, "kufa siogopi. Naogopa kuondoka na Shahrad."

Nikaondoka nikitafuta njia ya kukiokoa kisa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchora nakshi za mazulia kwenye karatasi za miraba, mpaka macho yangu yakastaafu, nami nikayafuata. Nikaitafuta karatasi moja iliyobaki, nikaibandika juu ya ubao, nikachora mchezo: njia ya nyumba nyingi, kila nyumba mraba wenye picha, kutoka ngome alimozaliwa Shahrad hadi Daraja la Chumvi, ambapo ami yake anamuua kwa hila. Nyumba hii farasi aliyekataa tandiko, ile kisima kinachocheka, ile binti mfalme anayecheza kamari na kushinda daima. Kete ni moja tu, Shahrad mwenyewe, nimemchonga kwa mti wa komamanga. Wachezaji wanarusha dadu kwa zamu. Ukimfikisha kwenye picha, simulia kipande hicho, ukishindwa anarudi alikotoka. Atakayemfikisha darajani ndiye mshindi.

Nikampelekea habari Bwana Farahmand wa Tehran, mwenye karakana ya michezo ya ubao. Akajibu: atakuja aone mchezo unavyochezwa, na jioni atarudi na basi. Akiupenda atautengeneza, kisa kiingie nyumba za watu nchi nzima. Asipoupenda, basi, Shahrad na Murshidi watazikwa kaburi moja.

Akaja, kijana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko masinia ya Mashdi Safar. Wachezaji nilikuwa nimewachagua mwenyewe, watu waliokulia kwenye kisa kile: Zabihullah mchinjaji, Bibi Aqdas aliyekuwa mkunga, na Mashdi Safar mwenye mkahawa. Murshidi aliketi kwenye kiti chake cha siku zote, fimbo mapajani.

Mwanzo ulinipa kiburi. Dadu zilirushwa, hadithi zikamiminika. Zabihullah alimwigiza farasi akarusha teke, birika likaruka. Bibi Aqdas aliposimulia kuzaliwa kwa Shahrad, alisimulia kama aliyekuwepo, na akamkosoa mkunga wa hadithi kwa kufunga kitovu vibaya. Bwana Farahmand akacheka mpaka kipande cha sukari alichobana menoni akinywa chai kikamtoka mdomoni. Moyoni nikasema, Karam, umewaweza.

Kete ikakaribia daraja. Mkahawa ukapoa kama mchuzi uliosahauliwa.

Zamu ya Zabihullah, dadu zikamponyoka zikaingia chini ya benchi. Akainama kuzitafuta, na huko chini akakaa kana kwamba amehamia.

"We Zabihullah," Bibi Aqdas akamtania, "mkono unaochinja kutwa nzima unatetemekea dadu?"

"Kondoo hawana majina, Bibi. Haya, rusha wewe!"

"Nirushe mimi? Nusu ya mji huu nimeipokea mimi duniani. Sitaanza uzeeni kuwasindikiza watoto wa watu kwenda kufa."

"Mashdi, zamu yako," nikasema.

"Chai inaungua," akajibu Mashdi Safar, akatoweka nyuma ya samovari. Tangu lini chai inaungua?

Bwana Farahmand akatazama saa. "Samahanini wazee wangu, nani anaongoza?"

"Hakuna, tunamshukuru Mungu," akasema Bibi Aqdas.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu, na lilikuwa na ukubwa wa ngamia. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa mkahawa ule analijua. Siku ya Daraja la Chumvi, tangu zama za babu zetu, wasikilizaji humletea msimulizi zawadi ili Shahrad asife siku hiyo. Baba yake Zabihullah aliwahi kuleta kondoo, Shahrad akaishi mpaka Ijumaa. Ijumaa akaleta wa pili. Mwaka ule, nakula yamini, Shahrad aliota mvi na mji mzima ukakosa nyama. Na watu hao ndio niliowaambia: atakayemfikisha kwenye kifo chake, huyo ndiye mshindi!

"Rusheni, jamani," nikawaomba kwa sauti ya chini. "Mgeni anaondoka. Mnakiua kisa ili mumwokoe mtu mmoja."

Zabihullah akainuka, akatoka nje. Nikajua amekimbia. Mara akarudi na paja zima la kondoo begani, akaliweka miguuni kwa Murshidi.

"Kwa heshima ya baba yangu. Asife leo."

Murshidi akalitazama paja, akatutazama sisi. Akainua fimbo, akaisukuma kete kwa ncha yake, nyumba tatu nyuma, mpaka kwenye kisima kinachocheka. Kisha akaanza kunong'ona. Ilibidi tusogee, vichwa vikagusana, mgeni naye katikati yetu. Alitueleza kisima kile kilikuwa kinamcheka nani. Miaka yote ile, hata mimi sikuwahi kusikia!

Bibi Aqdas akatoa chupa ya maji ya waridi kwenye mkoba, naye akaiweka miguuni kwa Murshidi. Kete ikarudi tena, na kipande kingine kipya kikatoka.

Mwishowe Bwana Farahmand akajikwamua, akafunga koti. "Fundi, kisa ni kitamu. Lakini mchezo ambao hakuna anayetaka kuushinda, nitamuuzia nani?"

"Basi rusha wewe, bwana mdogo," akasema Zabihullah. Akaichukua kete, akaipeleka mwenyewe mpaka nyumba ya mwisho kabla ya daraja, akamkabidhi mgeni dadu. "Wewe si wa hapa. Namba yoyote itatosha. Mmalize, uwahi basi lako."

Kijana akazishika. Akazitikisa. Akazitikisa tena. Jasho likamtoka, na nje theluji imetanda.

"Ni lazima afe?" akamuuliza Murshidi.

Murshidi akamwita kwa kidole, akamnong'oneza sikioni, lakini sote tulisikia kwa sababu hakuna aliyekuwa akipumua:

"Hufa, mwanangu. Lakini si lazima leo."

Bwana Farahmand akaweka dadu chini polepole, kama mtu anayeweka mayai. Akafungua begi lake, akatoa kopo la halua lenye utepe mwekundu, akaliweka juu ya paja la kondoo.

"Ilikuwa ya mama mkwe wangu," akasema. "Atanielewa. Hapana, hatanielewa. Rudisha nyuma, Murshidi."

Basi la jioni likaondoka bila yeye. Tulikula lile paja na dengu, na kabla hatujalala nyumbani kwangu, mgeni alikuwa ameshaifuta sheria yangu ya mwisho kwa wino wake mwenyewe: hakuna mshindi, wote wanacheza upande mmoja, na anayetaka kumrudisha Shahrad nyuma atoe zawadi, yaani hadithi ambayo wenzake hawajawahi kuisikia.

"Huu nitautengeneza," akasema. "Na wa kwanza naupeleka kwa mama mkwe."

Asubuhi mimi na Murshidi tulimsindikiza kituoni. Alikuwa mbele yetu kwenye foleni, akimsimulia mkata tiketi habari za Daraja la Chumvi kwa mikono miwili. Mkata tiketi kaacha kukata. Foleni nzima imenyamaza.

Murshidi akanivuta mkono. "Amekosea. Farasi hakuwa mweupe."

"Nikamsahihishe?"

"Muache," akanong'ona, akiegemea fimbo yake na kutabasamu mpaka masikioni. "Mimi nilipoanza, hata farasi nilimsahau."