Sala Ndefu ya Okiror

Tangu asubuhi tulikuwa kwenye benchi nje ya korti, na nilikuwa nimeinuka mara sita kwenda kunywa maji nisiyoyataka.

"Mama Amongin, kaa," akasema Okiror, ndugu wa marehemu mume wangu. "Utatoboa sakafu."

Nikakaa. Miaka miwili nyuma, mwaka wa sitini na tano, robota la pamba lilimwangukia Okiror gotini kiwandani Malaba. Akanyimwa fidia ya ulemavu. Ochom, karani wa kiwanda, ambaye tunasali naye, aliandika kwamba goti limepona: kila Jumapili Okiror anapiga magoti kanisani saa nzima, watu wakishatoka yeye bado yuko na Mungu. Sasa tumekata rufaa.

Sala hiyo ilimpa jina. Walitaka hata kumfanya mzee wa kanisa. Lakini mimi ndiye ninayefagia kanisa. Kushuka anaweza, kuinuka hawezi. Watu wakiisha, nafunga mlango, namshika makwapani, namvuta mpaka asimame, jasho likimtoka.

"Usiwaambie hilo," akaniomba tena. "Heri nikose fidia kuliko Ochom anicheke."

"Na watoto watakula sala, shemeji?"

Wakaniita ndani.

Niliapa kwa Biblia. Wakili wa kiwanda akauliza kwa upole, "Mama, umewahi kumwona akipiga magoti?"

"Kila Jumapili."

"Saa nzima?"

"Wakati mwingine kupita."

Ochom akatabasamu. Wakili akarudi kukaa. Okiror alikuwa akinitikisia kichwa polepole: usiseme. Nikamwomba Mungu anifunge mdomo au anifungue, lakini asiniache hivyo.

"Bwana hakimu, sijaulizwa nani humwinua."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Nani?"

"Mimi. Hawezi peke yake. Anangoja watu waondoke."

"Ni kweli, mzee?"

Okiror alimtazama Ochom, kisha sakafu. Nikajua akikana, tumekwisha.

"Ni kweli," akasema. "Na hiyo saa yote sisali, bwana. Nangoja tu huyu mama amalize kufagia."

Watu wakacheka, hata polisi wa mlangoni. Hakimu hakucheka. Aliandika sana, kisha akasema rufaa imekubaliwa, alipwe.

Nje nilimpa mkono ashikilie, akaukataa. Alikaa kwenye ngazi ya juu, akashuka kwa makalio, ngazi moja moja, watu wakimpita.