Mahali pa Onni

Kila Jumatano Marjatta, mshauri wao, aliwapeleka msituni watu saba waliotoka gerezani. Hakuwalazimisha kusema. Aliwataka wachume, wapumue, wakae juu ya mawe wanywe kahawa. Maneno yangekuja yenyewe yakitaka. Veikko, mwenye miaka sitini na mmoja, alimaliza wiki tatu bila kusema lolote la maana, lakini kila alipojitenga kikapu chake kilirudi kimejaa uyoga wa manjano, hali wenzake waliambulia vipande viwili vitatu vyenye funza.

"Mzee, hiyo pua umeazima kwa mbwa wa polisi?" alimtania Jari, mwizi wa magari. "Tuonyeshe basi unapochuma."

"Kwanza mama yako akuonyeshe pake."

Wakacheka wote. Huko Ufini mtu atakutajia mshahara wake, hata maradhi yake, lakini hakutajii mahali anapochuma uyoga. Mahali hapo hurithishwa kitandani, mwenyewe akikata roho.

Veikko alicheka nao. Mahali pale hapakuwa pake. Palikuwa pa Onni, rafiki yake tangu utotoni, aliyempeleka mara moja tu, mwaka ule Veikko alipoachwa na mkewe akakosa hamu ya kula. Miaka miwili baadaye wakirudi kutoka ziwani, Veikko, amelewa, aling'ang'ania usukani. Gari likavaa mti. Onni hakupata kitanda cha kukatia roho. Alifia barabarani, na siri yake ikabaki kwa aliyemuua.

Gerezani Veikko alijutia kifo, hakuwaza uyoga. Ni msitu uliomkumbusha. Kikapu cha kwanza alikikaanga kwa siagi, akala peke yake, na kikanoga. Huko kunoga ndiko kulikomchoma. Kumbe mtu anaweza kumwibia maiti na akalamba vidole.

Akamweleza Marjatta kwamba anataka kumrudishia mjane kilicho chake. Marjatta akamuuliza kama anakwenda kumpa yule mama kitu au kumtwisha mzigo. Hata hivyo Marjatta alimwandikia Hilkka, mjane wa Onni, na Hilkka akajibu kwa neno moja: aje.

Alimpokea mlangoni, asimkaribishe ndani.

"Shemeji," Veikko akaanza.

"Usiniite hivyo."

Akaeleza macho yakiwa kwenye viatu vyake: nyuma ya kiwanda cha mbao, mwamba uliopasuka, mteremko wa upande wa kaskazini. Hilkka alimngoja amalize.

"Napajua," akasema. "Mwanamume atoke na kikapu miaka ishirini, mkewe asimfuate hata siku moja? Nilimwacha tu ajione ana siri."

Veikko alishusha pumzi. Aliishusha mapema mno.

"Onni akishakata uyoga alikuwa anafunika kidonda cha shina kwa kuvumwani, yale majani mororo ya juu ya mawe, anabonyeza kwa kidole gumba," Hilkka akaendelea. "Mwezi huu nimekuta pamefunikwa vile vile. Mimi si mwendawazimu, najua wafu hawachumi uyoga. Lakini sikumuuliza mtu. Nilikuwa nakwenda kila Alhamisi kuangalia, nikirudi nakula vizuri. Sasa umekuja kuniambia ni wewe."

Neno la kuomba radhi lilimfika Veikko mdomoni akalimeza, maana aliona angejipa nafuu yeye mwenyewe tu. Alikuja kurudisha alichoiba, kumbe amebeba na kile kidogo kilichokuwa kimesalia.

"Nisiende tena?" akauliza.

Hilkka alishika kitasa.

"Nenda. Uyoga utaoza bure. Ila usifunike."

Akafunga mlango taratibu, kama mtu aliye na mgonjwa ndani.

Jumatano iliyofuata Veikko alipiga magoti chini ya mwamba, akakata uyoga wa kwanza. Kidole gumba kikaenda chenyewe kutafuta kuvumwani. Akakirudisha. Alikata wa pili, na wa tatu, akaviacha vishina wazi, vyeupe, mpaka mteremko mzima ukaonyesha kwamba mtu amepita.